Mpishi Aliyesikiliza Sufuria

Kwanza kabisa, hakuna mtu aliyekufa. Yule baharia anayesemekana alikata roho kwa maharage ya shemeji yangu ni mzima wa afya. Juzi tu nilimkuta sokoni akibishana na muuza nyanya, na kwa jinsi alivyokuwa akipaza sauti, kama ni maiti basi ni maiti mwenye mapafu imara. Wala hapakuwa na dawa yoyote ndani ya chakula. Shemeji hakuwalisha mabaharia limbwata ili wasiache kazi kwenye boti la kaka yake, na hakuwa akizungumza na majini kupitia mwiko. Nimesikia pia kwamba marehemu mume wangu, aliyekuwa nahodha wa boti lile, alijifanya sultani: eti hakuna aliyeruhusiwa kutia tonge mdomoni mpaka yeye ale kwanza na kupiga honi. Honi ilipigwa, hilo ni kweli. Lakini aijuaye siri ya mtungi ni kata, na waliosema haya hawakuwa kata wala mtungi. Walikuwa wapita njia.

Niliyanyamazia kwa muda mrefu. Nimefundisha shule maisha yangu yote, na mwalimu hujifunza mapema kwamba si kila kelele ya darasani inastahili kujibiwa. Sasa hata hivyo shemeji amestaafu, ametia akiba yake yote katika mgahawa mdogo mbele ya gati, na kuna watu wanaofika hadi mlangoni, wanavuta harufu ya kitunguu, wanameza mate, halafu wanakumbuka uvumi na kuendelea na safari zao. Kazi nyingine haijui. Mgahawa ukifa, naye atakaa barazani kuhesabu nzi. Ndiyo maana nilimwomba ruhusa ya kuandika. Nilimkuta akimenya viazi.

"Andika, shemeji," alisema bila kuinua macho, "lakini usinifanye malaika. Malaika hawali. Wateja watadhani hata jikoni sipiki."

Basi sitamfanya malaika.

Boti lenyewe lilikuwa la kusukuma matishari, yale mabeseni makubwa ya chuma yasiyo na injini, yanayobeba saruji, mbao na mchanga kupanda na kushuka mto. Matishari hufungwa pamoja kwa kamba nene mbele ya boti, na boti huyasukuma kwa kifua kama mtu anayesukuma mkokoteni. Mabaharia hufanya kazi kwa zamu: hawa wakiamka, wale wanalala, na anayekula chakula cha mchana hukaa meza moja na mwenzake ambaye ndiyo kwanza anapiga mswaki. Jiko liko nyuma, juu ya injini. Sakafu yake hutetemeka mchana kutwa, vikombe hutundikwa kwenye ndoano ili visitembee, na jiko la gesi limezungushiwa vyuma ili sufuria isije ikamrukia mpishi boti linapokata kona.

Shemeji hakuanza kazi kwenye jiko hilo. Alikuwa baharia wa kamba, hodari, mwepesi kama paka juu ya kingo za matishari. Siku moja walipokuwa wakifunga tishari lililojaa mchanga, kamba ilikatika. Kamba nene ikikatika huku imevutwa haianguki chini. Hurudi kama mjeledi. Ilimpiga kwenye paji la uso akalala kama gunia. Alipotoka hospitali alikuwa na kovu na kizunguzungu, na mtu mwenye kizunguzungu hatembei juu ya ukingo wa tishari labda awe amechoka kuishi. Mpishi wa zamani alikuwa ameondoka. Mama mkwe wangu hakujaliwa binti, kwa hiyo aliwafundisha wanawe wote kupika, akisema tumbo halina jinsia. Mume wangu akamvalisha mdogo wake aproni, na kazi ikaendelea.

Hayo ndiyo yaliyojulikana na kila mtu. Yaliyobaki niliyagundua mwenyewe.

Udadisi wangu ulianzia gatini. Mke wa baharia mmoja, mwanamke ambaye nikimwita mchokozi nitakuwa nimempunguzia, aliniuliza mbele za watu: "Mwalimu, hebu tufafanulie wewe uliyesoma. Mumeo anapiga honi kila chakula cha mchana kabla wenzake hawajala. Ni sala, au ni amri?"

"Boti halina kengele ya shule," nilimjibu. "Watu wa zamu wataitwaje?"

"Wataitwaje na wao wameshakaa mezani, vijiko mkononi?"

Wenzake walicheka. Nami niliondoka na kichwa juu, lakini swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Shule zilipofungwa nilimwambia mume wangu kwamba ningependa kuona mto.

"Mto una nini cha kuona?" aliuliza. "Ni maji."

"Basi nitaona maji."

Alinitazama, akajua kwamba maji hayakuwa na uhusiano wowote na safari ile, akanitafutia godoro.

Niliwekwa kwenye kiti karibu na mlango wa jiko, mahali panapomfaa mke wa nahodha, yaani mahali ambapo hamzuii mtu yeyote na anaona kila kitu. Jambo la kwanza nililoliona lilinishangaza. Shemeji alichukua mwiko mrefu wa mbao, akaweka ncha moja juu ya mfuniko wa sufuria, ncha nyingine akaibana sikioni, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mtu anayepita na kumwona kwa nyuma angeapa kwamba anainong'oneza ile sufuria. Ndiyo maana mabaharia walimwita Mwiko.

"Shemeji," nilimwita, "unasikiliza nini?"

"Habari za mchana," alijibu, macho bado yamefumbwa.

"Zinasemaje?"

"Wali umekauka maji. Kutakuwa na shwari."

Akapunguza moto. Nilifunua mfuniko mwenyewe, kwa ruhusa ya cheo changu, na wali ulikuwa umekauka maji kweli, vitobo vidogo vimejipanga juu kama uso wa sega la nyuki. Nikazidi kumtazama. Mafuta aliyapima kwa kuchovya mpini wa mwiko na kuangalia mapovu. Samaki alimtazama macho, akamfunua mashavu, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Maharage aliyaponda moja moja kati ya vidole. Chumvi aliipima kwa kifuniko cha kopo, hata punje hakuongeza. Alitumia masikio, macho na vidole. Lakini mdomo wake haukugusa kitu. Katika maisha yangu nimewaona wapishi wachafu, wavivu na walevi, ila mpishi asiyeonja sikuwahi kumwona. Na wenzake walipokula, yeye alijitenga na kipande cha mkate mkavu, akikitafuna kwa sauti kama mtu anayetembea juu ya kokoto.

Halafu nikaona lile lililonipandisha mtoni. Chakula kilipokuwa tayari, shemeji alijaza kibakuli kimoja akakipeleka juu, kwenye chumba cha usukani alikokuwa mume wangu. Mabaharia walikuwa wamekaa mezani, sahani zimejaa, mikono magotini. Hakuna aliyegusa. Kisha honi: paa! Vijiko vikaanguka kwenye sahani kama mvua juu ya bati.

"Hii ndiyo heshima ya nahodha?" nilimuuliza baharia aliyekaa karibu nami. Walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Mama, sisi tulikuta hivyo. Fundi wa injini anasema ni kiburi. Mimi nasema mradi honi isiharibike, maana siku hiyo tutakufa njaa tunatazama nyama."

Fundi wa injini alikuwa upande wa pili wa meza, mtu mkavu, mikono myeusi kwa grisi, na maneno yake machache yalikuwa machungu. "Mimi nasema mengine pia," alisema, "lakini mke wa nahodha yupo."

Siku iliyofuata mume wangu aliamka na mafua. Macho mekundu, sauti imezama, anapiga chafya mpaka usukani unatikisika. Nilimpelekea chai ya tangawizi, nikarudi kwenye kiti changu mlangoni. Shemeji alikuwa akikaanga vitunguu, mwiko sikioni, na maharage yalikuwa yakichemka pembeni. Ghafla pua yangu ikaniwasha. Kitu kilikuwa kinaungua. Si chakula, kitambaa. Nikachungulia: kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimeteleza hadi karibu na moto, nyuma ya kiwiko chake, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kupita usoni pake, akiwa anaimba polepole kwa furaha.

Nilisimama nikiwa tayari kupiga kelele. Kisha mwalimu aliye ndani yangu akanizuia.

"Shemeji," nilisema kwa utulivu, "unasikia harufu gani?"

"Ya vitunguu," alijibu mara moja, macho kwenye kikaango.

"Nyingine?"

Akasita. Akatazama maharage. "Na maharage."

"Na kiwiko chako?"

Akageuka, akaona, akakinyakua kitambaa na kukitumbukiza majini. Kilizima kwa mlio mkali. Tukatazamana. Sijapata kuona mtu mzima akiwa na uso wa mtoto aliyekamatwa na jibu la mwenzake.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu kamba." Aligusa kovu lake. "Mwanzoni nilidhani ni mafua. Nikangoja yaishe. Sinusi kitu, shemeji. Ulimi unajua chumvi, sukari, limau na shubiri, basi. Nikionja chakula, naona hakina kitu, naongeza chumvi. Naona bado, naongeza. Juma la kwanza nusura niwatie watu chumvi kama samaki wa kukausha. Ndipo nikaacha kuonja."

"Na mkate?"

"Angalau unalia ukitafunwa."

Nikasogeza kiti karibu. Sikuweza kujizuia, nilitaka kujua kila kitu. Nilimuuliza anajuaje kitunguu kimeiva. Akanibandika mwiko sikioni. Kupitia ule mti, chini ya ngurumo ya injini, nilisikia kitunguu kikilia: mwanzoni kwa sauti nzito ya maji, kisha ikawa nyembamba, kavu, kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi.

"Hapo," alisema. "Kikifika hapo kimeiva, na mimi kichwani harufu inanijia yenyewe, ya zamani. Sufuria ikinyamaza kabisa, ujue inataka kuungua. Moto wa kuunguza hauna kelele."

"Nani anajua habari hii?"

"Kaka peke yake. Ofisi wakisikia, nashushwa gati linalofuata. Jiko la gesi ndani ya boti, na mpishi asiyenusa gesi? Hawatafikiri mara mbili. Nami kwenye kamba siwezi kurudi. Nitakwenda wapi?" Akapunguza sauti. "Kazi yangu iko mikononi mwako, shemeji."

"Mimi ni mke wa kaka yako, si gazeti," nilimwambia. Na hapo ndipo kilichokuwa kimefungwa kikafunguka kichwani mwangu. Kibakuli. Honi. Kumbe mume wangu hakuwa sultani. Alikuwa pua! Chakula kikiwa sawa, anapiga honi. Kikiwa na kasoro, hapigi, na mdogo wake anapanda ngazi kuuliza. Nilitaka kucheka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

Kisha nikakumbuka mafua.

"Kibakuli kiko wapi?" niliuliza.

"Cha maharage? Kimeshapanda. Redio alikichukua ulipokuwa na mwiko sikioni, na sufuria akaipeleka mezani."

Honi ikapigwa: paa!

Nilitoka mbio, nikasahau kabisa kwamba nilivaa viatu vya heshima. Nilipofika mezani, wote walikuwa tayari na kijiko cha kwanza mdomoni. Walitazamana kama watu waliosikia habari ya msiba kwa wakati mmoja. Kisha Fundi akatema mezani.

"Dizeli!" alipiga kelele. "Haki ya Mungu, hii ni dizeli!"

Wengine wakakimbilia ukingoni. Redio, aliyekuwa amemeza kwa uroho zaidi ya wote, alishikilia chuma cha ukingo na kuutapikia mto, akipata nafasi kati ya mkupuo na mkupuo ya kusema, "Nikiwashwa kiberiti... natoka hapa... kama taa..." Huyu ndiye marehemu wenu wa sokoni.

Fundi alisimama. Yale aliyoyameza jana kwa heshima yangu aliyatoa leo. "Nimesema siku zote! Mtu asiyeonja chakula chake, anakijua kina nini! Anajitafunia mkate peke yake! Anainong'oneza sufuria! Gati linalofuata anashuka yeye, au nashuka mimi, na nikishuka mimi nakwenda moja kwa moja ofisini."

Mume wangu alimkabidhi usukani msaidizi wake akateremka, pua nyekundu kama pilipili. "Tulieni. Mimi nimeonja. Kilikuwa kizuri."

"Nahodha," alisema Fundi, "ama una mafua, ama unamlinda mdogo wako."

Mume wangu alifungua mdomo, na badala ya jibu ikatoka chafya.

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia kwa sauti ya chini aseme tu, hata kwa kubahatisha, ni kosa la pipa la maji, aishie hapo. Mambo ya nyumbani hayaanikwi kwenye kamba ya jirani, na mpaka leo nashikilia hivyo. Alikuwa anaelekea kunikubalia. Lakini shemeji alishatoka jikoni. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele ya Fundi.

"Kaka hana kosa," alisema. "Mimi sina pua."

Redio aligeuka kutoka ukingoni, uso wa kijani. "Mbona naiona hapo, tena pana?"

"Iko kama kinyago. Kamba ile iliua kilichomo. Sinusi moshi, sinusi gesi, sinusi dizeli. Kaka ndiye ananusa kwa niaba yangu, na honi ndiyo jibu lake. Leo ana mafua." Akatazama mikono yake. "Sikuwatilia kitu. Mwiko nausikiliza tu. Nilificha kwa sababu nilitaka kazi. Hayo ndiyo yote. Nishusheni."

Kisha Redio akaanza kucheka huku ameshika tumbo. "Yaani tulikuwa na pua moja boti zima, na hiyo moja ikaziba!"

Hakuna aliyemfuata kucheka, kwa kuwa Fundi hakucheka. Alitaka kujua dizeli ilitoka wapi, kwa sababu mtu asiyenusa si lazima awe mtu anayemwaga. Shemeji alisema maharage yalipopungua mchuzi aliongeza maji kutoka pipa la nyuma. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameshaingia sufuriani, kwa hiyo hakushangaa kuona utando unang'aa juu. Tukaenda sote kwenye pipa. Juu ya maji palikuwa na rangi za upinde wa mvua. Kando ya pipa, kwenye msumari, ilining'inia ndoo ya chuma yenye mpini uliofungwa waya.

Kila mtu aliijua ndoo ile. Fundi aliishusha, akainusa. Asubuhi ile alichotea dizeli, na baadaye akaitumbukiza pipani kuchota maji ya kunawa. Alinyamaza kama sufuria iliyokauka maji.

Nilingoja apate kisingizio, kwa maana mwanamume mwenye kiburi hakosi kisingizio. Hakukitafuta. Aliirudisha ndoo msumarini, akaiondoa tena, akaenda kuificha kwenye chumba cha injini. Aliporudi aliichukua aproni mezani na kumtupia shemeji kifuani.

"Gesi nitaifungua mimi na kuifunga mimi," alisema. "Wewe usiiguse. Na kuonja, kila zamu itoe mtu wake. Mwenye mafua haonji, hata awe nahodha."

"Na ofisi?" aliuliza mume wangu.

"Ofisi inakula hapa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Shemeji hakushushwa gati lililofuata wala lolote lililofuatia. Aliendelea kupika mpaka alipostaafu, akisikiliza sufuria zake, na honi iliendelea kupigwa, safari hii ikiwa na maana kwa kila aliyekaa mezani. Fundi ndiye aliyekuwa mwonjaji mkali kuliko wote. Akikuta ndimu imezidi alipanda kwenye chumba cha usukani na kuzuia honi kwa mkono wake. Mabaharia hawakuacha kazi kwenye boti lile, kweli, wala hawakulishwa limbwata. Mtu akishakuwa pua ya mwenzake si rahisi kumwacha na mafua.

Walikubaliana kutosema nchi kavu, na wakatimiza. Redio alimwambia mkewe tu kwamba maharage ya botini yalimgeuza tumbo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akafunga mdomo. Mkewe, ambaye ndiye yule mchokozi wa gatini, alishtushwa na ule ukimya kuliko tumbo lenyewe, akajaza pengo kwa akili yake. Kilichoongezwa hapo, kila aliyekipokea alikitia chumvi yake, bila kifuniko cha kopo cha kupimia.

Hao ndio watu wetu. Muuaji hayumo, mchawi hayumo, na sultani hayumo. Kuna mpishi aliyepoteza pua kazini na wenzake waliomwazima zao. Mgahawa uko mbele ya gati, unatazamana na duka la kamba. Gesi hufunguliwa na kufungwa na Fundi mstaafu, ambaye sasa hana kazi nyingine na hukaa mlangoni akiwakagua wateja kama injini mbovu. Na chakula hakitoki jikoni mpaka mwiko ugongwe kwenye mfuniko, alama kwamba kimeonjwa.

Kimeonjwa na nani? Ndilo swali jipya mjini. Mume wangu, Mungu amrehemu, hayupo. Fundi, kwa amri ya daktari, hagusi mafuta. Jirani yangu amefikia hatua ya kuniuliza, kupitia dirishani, kwa nini mjane wa nahodha, mwalimu mstaafu mwenye vyeti ukutani, huonekana karibu kila mchana akitoka mlango wa nyuma wa mgahawa, anajifuta midomo kwa leso.

Swali hilo silijibu. Nimeeleza niliyokusudia kueleza, na neno jingine sisemi.